Yoyo inayorudi na isiyorudi: ipi ya Lamu, ipi ya Malindi

Kuna yoyo ambayo ukitikisa uzi kidogo tu inapanda mpaka kiganjani. Kuna nyingine utaivuta, utaibembeleza, nayo itabaki kule chini ikizunguka kana kwamba haikusikii. Hii ya pili haijaharibika. Imeundwa hivyo makusudi, na ndiyo wanayoishika wengi wa mabingwa unaowaona kwenye video. Shida ni kwamba zote mbili huuzwa kwa jina moja na picha zao hufanana, kwa hivyo mtu hununua moja akidhani ni nyingine, akaitupa mara mbili tatu, akaiweka juu ya kabati na kusema yoyo ni mchezo wa kitoto.

Nimeulizwa swali hili na watoto wa dada zangu wawili. Mmoja ni binti wa miaka 15, anakaa Langoni hapa Lamu. Mwenziwe ni mvulana wa miaka 10, yuko Malindi, Maweni. Wote waliniandikia neno lile lile: "Mjomba, ninunue ipi?" Niliwapa majibu yanayopingana, na kila mmoja akaona mwenziwe ndiye aliyependelewa. Basi naiweka hesabu yote wazi, na mwenye mtoto, au mwenye hamu yake mwenyewe, apime.

Tofauti iko pengoni

Yoyo ni nusu mbili za mviringo zilizounganishwa na ekseli. Mambo yote huamuliwa pale uzi unapokutana na ekseli hiyo. Kwenye yoyo za rejareja, zile za plastiki zinazowaka taa, mara nyingi uzi umefungwa fundo. Inashuka, inafika mwisho wa uzi, inapanda. Hakuna zaidi ya hapo, na mtoto mwerevu ataichoka kabla ya Magharibi.

Pedro Flores, Mfilipino aliyehamia Marekani, alifungua kampuni yake ya yoyo Santa Barbara, California, mwaka 1928. Uzi wa yoyo zake haukufungwa fundo, ulizungushwa kitanzi kwenye ekseli. Kitanzi kikiwa huru, yoyo ikifika chini huendelea kuzunguka mahali pamoja huku uzi umetulia. Wachezaji husema imelala. Karibu kila mchezo unaoujua wa yoyo hutendeka ndani ya muda huo wa kulala, na kwa hivyo yote yaliyofuata, chuma, plastiki na beringi, yalikuwa ni kutafuta namna ya kuurefusha.

Kulala kunahitaji pia uzito unaouvuta uzi ukakaza. Aprili 1985 chombo cha Discovery kilibeba vitu vya kuchezea angani, yoyo ikiwemo, na wanaanga waliona kwamba kule hailali. Ikifika mwisho wa uzi hakuna kinachoishikilia pale, inageuka na kurudi.

Beringi ndiyo iliyobadilisha mambo. Ni ile ile ambayo fundi wa bodaboda anaijua, ila ndogo kama pete ya kidole cha mwisho. Pete ya ndani imekaa kwenye ekseli, pete ya nje imeshikwa na uzi, na katikati kuna vidubwasha vya mviringo vinavyobiringika. Tom Kuhn, daktari wa meno wa San Francisco, alitoa yoyo yake ya alumini yenye beringi mwaka 1990. Ambapo yoyo ya ekseli tupu humpa mzoefu sekunde 10 na ushei, yenye beringi humpa dakika na zaidi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Husema: isiyo na beringi inarudi, yenye beringi hairudi. Sivyo. Zipo yoyo nyingi zenye beringi ambazo hurudi vizuri sana. Kinachoamua ni pengo baina ya nusu mbili, pamoja na kile kilichobandikwa ndani yake. Pengo likiwa jembamba, na kuta zake zina pedi za silikoni au mistari iliyochongwa, uzi ukilegea kidogo tu unakamatwa, yoyo inajizungushia uzi na kupanda. Pengo likitanuliwa na pedi zikazamishwa ndani, uzi haukamatwi. Unacheza humo ndani upendavyo, yoyo imelala usingizi wa pono.

Ili irudi, lazima uinase. Unaushika uzi kwa mkono wa pili karibu na yoyo, unaukunja, na ule mkunjo unauingiza pengoni. Sasa pengo limejaa uzi wa tabaka mbili tatu, pedi zinauma, yoyo inaruka juu. Ukiuona mkono wa mzoefu hutatambua hata kama amefanya kitu. Wewe siku za mwanzo utakuwa unauzungusha uzi kwa mkono baada ya kila mtupo mbovu, na wadogo zako watakucheka. Kuinasa hakuhitaji nguvu. Kunahitaji yoyo iwe bado inazunguka kwa kasi, na huo ndio mtego: anayeanza hutupa mtupo dhaifu uliopinda, yoyo inaegemea upande mmoja, inausugua uzi, inaishiwa kasi, na hana cha kunasa.

Kila moja na michezo yake

Yoyo inayorudi ni ya mitupo na mizunguko. Unaitupa mbele, inarudi, hushiki. Unaipisha kando ya mkono na kuirusha tena, na tena. Huo mzunguko wa mbele ukiumudu kwa mkono wa kulia, anza wa kushoto. Ukiimudu mikono yote miwili pamoja, yoyo mbili kwa mpigo, hapo umeingia kwenye kundi ambalo katika mashindano ya dunia linaitwa 2A. Shinji Saito wa Japani amelitawala kundi hili kwa mataji mengi kuliko mtu yeyote. Yoyo isiyorudi haiwezi kazi hii hata kidogo, maana kila mzunguko ungelazimika kuinasa.

Na kuna michezo ya zamani ambayo ni ya yoyo hii hii: Kutembeza Mbwa, ambapo yoyo iliyolala inagusa sakafu na kutambaa mbele, Kubembeleza Mtoto, ambapo unatengeneza pembetatu ya uzi na yoyo inabembea katikati, Kuzunguka Dunia, ambapo unaipeleka duara kamili kando ya mwili. Lifti, ambapo yoyo hupanda juu ya uzi wake, nayo inawezekana.

Isiyorudi ni ya uzi. Yoyo inatuliwa juu ya uzi wake, inarushwa, inadakwa na uzi mwingine, inapita katikati ya vidole, inafungwa na kufunguliwa kwa vifundo ambavyo ukiviona unadhani vimekwama, kisha mkono mmoja unafunguka na kila kitu kinanyooka. Mlango wa dunia hii ni mchezo mmoja uitwao Trapeze: unaitupa yoyo kando, uzi unapita juu ya kidole cha mkono wa pili, na yoyo inazunguka kidole hicho na kutua juu ya uzi. Asiyeweza Trapeze hana pa kwenda. Akiiweza, ana michezo ya miaka.

Trapeze unaweza kuifanya pia kwa yoyo inayorudi, na watu waliifanya miaka mingi kabla pengo halijatanuliwa. Lakini utaitua mara moja na utoke haraka. Ukiongeza tabaka la pili la uzi pengoni, yoyo inaamka na kukupiga kwenye vifundo vya vidole. Inauma, nakuhakikishia, hasa asubuhi ya kipupwe.

Umbo nalo linafuata kazi. Ya mizunguko ina tumbo la mviringo na mdomo mwembamba, ili ikate hewa na igeuke haraka. Ya uzi ni kama yoyo iliyogeuzwa ndani nje: mdomo umefunguka pande zote, ili uzi uone mahali pa kutua. Umbo hili wachezaji huliita kipepeo. Ukikuta dukani yoyo ya kipepeo, usikimbilie kusema hairudi. Yoyo ya kampuni ya Duncan iitwayo Butterfly, ile ya kawaida, ina umbo hilo na inarudi.

Kuhusu makundi ya mashindano, nitapita haraka. 1A ni yoyo moja ya uzi. 2A nimeshaitaja. 3A ni yoyo mbili za uzi kwa pamoja, jambo ambalo mimi siwezi kulitazama bila kichwa kuuma. 4A ni yoyo ambayo haikufungwa uzini hata kidogo: inarushwa hewani na kudakwa kwa uzi. 5A uzi haufungwi kidoleni, mwisho wake kuna kizito kidogo, mara nyingi kete ya dadu, nacho pia kinarushwa. Kati ya makundi matano, manne hutumia isiyorudi. Kwa hivyo mtoto akikwambia anataka "ile ya bingwa" na bingwa mwenyewe ni Gentry Stein, Mmarekani aliyetwaa 1A mwaka 2014 na tena 2019, ujue anataka isiyorudi, hata kama yeye hajui.

Mahali unaposimama

Haya hayamo kwenye maelezo ya kiwandani, na kwa mtu wa pwani ndiyo yenye uzito mkubwa.

Chukua Lamu mjini. Vichochoro vyetu vilijengwa kwa ajili ya mtu na punda. Uzi wa yoyo ya mtu mzima unakaribia mita moja, ongeza mkono ulionyooka, na Kuzunguka Dunia kunadai uwanja ambao kati ya Langoni na Mkomani hupati ila kwa bahati. Mizunguko ya mbele unaweza kuipiga ukisimama kwa urefu wa njia, mpaka punda mwenye magunia ya saruji atakapochomoza kwenye kona. Mkunguni, mbele ya ngome, pana nafasi, ila pana watu pia: wazee wamekaa, watoto wanapita, na yoyo ya gramu 60 ikimpata mtu usoni hakuna samahani itakayotosha. Nimemwambia yule binti jambo moja bila mzaha: mtu mzima akipita, shika yoyo mkononi, toa shikamoo, endelea akishapita.

Michezo ya uzi haidai mahali pakubwa. Yote hutendeka kati ya kifua na magoti, na upana wake ni mikono yako. Kwenye daka la nyumba, pale baina ya mlango na njia, unaweza kukaa alasiri nzima hakuna unayemghasi. Tena pale pana kivuli, na hapana upepo.

Upepo si jambo dogo. Kusi ikikaza, ufuoni Malindi huwezi kufanya mchezo unaotaka uzi uliolegea. Kuna michezo mingi ya isiyorudi ambapo unaurusha uzi mtupu kama kitanzi, uzunguke na uingie pengoni wenyewe. Upepo unauchukua ule uzi na kuupeleka unakotaka wenyewe. Yoyo nzito haishughuliki, lakini uzi hauna uzito wa kujitetea. Mizunguko kwa upande wake uzi umekaza muda wote, na upepo haupati pa kushika. Mvulana wangu wa Maweni ana kiwanja nyuma ya nyumba, ana uwanja wa shule, na jioni anafuatana na wenziwe mpaka karibu na Nguzo ya Vasco da Gama. Ana nafasi, ana upepo. Ya kwake ni ile inayorudi.

Halafu mchanga. Chembe moja ikiingia kwenye beringi utaisikia: yoyo inaanza kulia, kisha inakwaruza, kisha hata ile isiyorudi inaanza kurudi ghafla bila kuitwa, na hapo ndipo meno yanapokuwa hatarini. Ufuoni cheza na ya ekseli tupu, mchanga hauna pa kuingia. Hewa ya chumvi nayo hula beringi ya chuma cha kawaida. Usiku ifutie kitambaa kikavu, itie kwenye kikopo chenye kifuniko, usiiache dirishani upande wa bahari.

Na kuta. Nyumba za mawe ya matumbawe ni nzuri kuzitazama, lakini yoyo ya alumini ikigongana na ukuta usiopigwa lipu inatoka na kovu. Kovu lenyewe si hoja kwa uzuri tu: nusu moja ikipoteza uzani sawa na mwenziwe, yoyo inatetemeka, na yoyo inayotetemeka hailali muda mrefu. Plastiki nzuri hugonga ikaendelea. Kwa sababu hii peke yake simshauri mtu wa Lamu aanze na chuma, hata akiwa na fedha. Kutembeza Mbwa usikufanye kabisa kwa alumini, si kwa saruji wala si kwa chokaa.

Uzi, mafuta na mkono wa fundi

Yoyo moja itakaa miaka. Uzi utakaa siku kadhaa za mchezo wa dhati, labda wiki. Hapo ndipo gharama ya kweli ilipo, na hapo zile mbili zinaachana tena.

Ya ekseli tupu, hasa ya mbao, inataka uzi wa pamba. Polyesta ikisuguliwa na ekseli tupu hupata moto na kuyeyuka. Inakatika ghafla na yoyo inaondoka zake kwenda dirishani kwa jirani. Yenye beringi haina msuguano huo, kwa hivyo polyesta inafaa na hudumu zaidi. Mshipi wa kuvulia usiujaribu hata siku moja: unateleza pengoni na unakata kidole.

Kuagiza nyuzi kutoka mbali si lazima. Uzi wa yoyo ni nyuzi nyembamba zilizowekwa pamoja, zikasokotwa, zikakunjwa katikati na kuachiwa zijisokote zenyewe kinyume. Uzi wa cherehani wa polyesta unatosha. Funga ncha moja kwenye msumari, nyingine kwenye ndoana iliyotiwa kwenye drili, sokota mpaka ukaze, kunja, achia. Pale ulipokunjwa ndipo kitanzi cha ekseli kinapopatikana: hakifungwi fundo, unaurudisha msokoto nyuma kwa vidole mpaka pafunguke. Ncha ya pili unaifunga, na hiyo inakuwa ya kidole cha kati. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya wavuvi na akaona kamba zikisokotwa hahitaji somo refu.

Kwa inayorudi kuna jambo la kuangalia. Kila mtupo unausokota uzi zaidi au unausokotoa. Kitanzi kikibana ekseli, yoyo hailali. Kikilegea mno, hairudi. Kwa hivyo yoyo "iliyoharibika" mara tisa kati ya kumi imesokotwa vibaya tu. Vua kitanzi kidoleni, shika ncha ya uzi, iache yoyo ining'inie na ijizungushe mpaka itulie.

Mafuta: tone moja la mafuta ya cherehani kwenye beringi ya isiyorudi, tena tone dogo, linapunguza kelele na kutu. Inayorudi hupenda kilainishi kizito zaidi, kwa kuwa uzito huo ndio unaoisaidia kurudi. Ukikausha kabisa beringi ya yoyo inayorudi, utashangaa imeanza ukaidi.

Na mbao? Kwa Lamu swali hili lazima lije, maana fundi mwenye keezo si wa kutafutwa mbali. Yoyo ya mbao inayorudi anaweza kuikereza akipata mti mkavu, mgumu, usio na fundo. Mtihani wake ni mmoja: nusu mbili ziwe na uzani ule ule. Akereze kipande kimoja kirefu, akikate, apime kwa mizani ya dukani, apunguze iliyozidi. Ekseli ni kijiti kigumu kilichopakwa gundi, na pengo liwe la kupita uzi na nafasi kidogo tu. Msimu wa masika mbao hunyonya unyevu na pengo hubana, hilo livumilie. Isiyorudi usimwombe. Inataka beringi na vipimo ambavyo keezo ya mkono haivipati, na utamvunjia heshima bure.

Wenzako

Yoyo ilisambaa Marekani kwa watu kuliko kwa matangazo. Donald Duncan alipoinunua biashara ya Flores, waonyeshaji, wengi wao Wafilipino, walitumwa mji kwa mji kusimama mbele ya maduka. Walicheza, wakafundisha, wakaandaa mashindano ya hapo hapo barabarani, na mwisho wakachukua yoyo za watoto na kuwachongea kwa kisu: jina, ndege, mnazi. Yoyo hizo za mbao zilizochongwa minazi zinahifadhiwa mpaka leo na wakusanyaji. Sijui kwa nini bado hakuna mchongaji wa milango wa hapa aliyejaribu kutia ua la Lamu kwenye yoyo.

Mashindano yao yalikuwa ya ngazi. Kuna orodha ya michezo kuanzia rahisi mpaka migumu, kila mtu anajaribu kwa zamu, akishindwa mara ya pili anatoka. Wakibaki wawili sare, anayepiga mizunguko mingi ya mbele bila kukosa ndiye mshindi. Huhitaji muziki, umeme wala jaji aliyesomea. Unahitaji orodha kwenye karatasi na mtu mmoja mwenye sauti. Watoto kumi wenye yoyo zinazorudi wanaweza kufanya hivyo kesho baada ya madrasa, na mwenye miaka 8 akamtoa mwenye 14.

Ya isiyorudi ni mtindo huru. Fainali ya dunia ni dakika 3 za muziki, na majaji wanahesabu kila tendo lililofanikiwa kwa kubofya kihesabio, wakitoa na alama za namna ulivyoimiliki jukwaa. Kwa mtaani yafaa dakika moja na simu yenye spika. Lakini lazima awepo anayeelewa anachokiona. Mtazamaji asiyejua atapiga makofi kwa mchezo rahisi unaong'aa na kunyamaza kwa mgumu uliojificha. Hili humvunja moyo anayejifunza peke yake kuliko kushindwa kwenyewe.

Basi jiulize: utajifunza na nani? Mwenye kundi, hata la watatu, achukue inayorudi, maana wote watakuwa wanacheza ndani ya dakika chache na mashindano yataanza yenyewe. Aliye peke yake na video, mwenye subira na mahali pa kivuli, isiyorudi itamlipa zaidi: kila mchezo ni fumbo la kufunguliwa polepole, unasimamisha video, unatazama uzi umepita kidole gani, unarudia. Jinsi yule binti wa Langoni anavyokaa na hesabu ngumu mpaka izae, sikuwa na wasiwasi naye.

Nani achukue ipi

Chini ya miaka 7: Yomega Brain au nyingine ya mtindo wake. Ndani ina vibano vyenye springi. Ikizunguka kwa kasi vinafunguka na yoyo inalala, kasi ikipungua vinabana ekseli na inarudi yenyewe. Mtoto anafurahi siku ya kwanza. Mkubwa usimnunulie hii, kwa kuwa inamfanyia lile ambalo mkono wake ulipaswa kujifunza.

Miaka 8 hadi 12, au mtu yeyote mwenye marafiki na uwanja: inayorudi yenye beringi. Mvulana wa Malindi nimemwambia YoYoFactory Loop 720 kama roho yake iko kwenye mizunguko, au Duncan Butterfly XT kama anataka kuonja uzi huku bado inarudi. Duncan Imperial ya ekseli tupu ni rahisi zaidi na ngumu kuvunjika, lakini haifunguki: uzi ukikwama ndani utaungoa kwa sindano na matusi.

Zaidi ya hapo, mwenye kutaka michezo ya uzi na si kingine: isiyorudi ya plastiki. Binti wa Lamu nimemwambia Replay Pro ya YoYoFactory. Wapo wakongwe wanaosema kila mtu lazima aanze na inayorudi, kana kwamba ni jando. Sikubaliani nao. Kutupa mtupo ulionyooka ni kule kule kwa zote mbili, na kuinasa kunajifunzwa mwanzoni kwa uchungu au baadaye kwa uchungu ule ule. Wa kuwasikiliza ni kwa mtoto mdogo tu, kwa sababu mtoto akikosa furaha mapema haitafuti tena.

Asiyeweza kuamua achukue yenye beringi mbili ndani ya kasha moja, nyembamba na pana; YoYoFactory ONE imewahi kuuzwa hivyo. Unaanza na nyembamba, yoyo inarudi. Ukishaimudu Trapeze, unafungua nusu mbili, unatia beringi pana, na umepata yoyo nyingine. Mimi ningependa zaidi duka moja la Malindi liweke hizi kuliko zile za kuwaka taa.

Ukiwa dukani na huna hakika, fanya hivi kabla ya kutoa pesa. Uliza kama nusu zinafunguka kwa kuzungusha. Kama hazifunguki, shusha uzi wote na uuvute upande kwa upande: ukiona umefungwa fundo kwenye ekseli, rudisha. Kama zinafunguka, tazama kama kuna beringi, kisha zungusha yoyo kwa kidole ukiwa umeinyanyua kwa uzi. Ikipanda yenyewe kidogo, inarudi. Ikizunguka na kukudharau, hairudi, na mwenye duka asikwambie eti itazoea.

Uzi ukishautia, simamisha yoyo sakafuni karibu na mguu wako na uupime: ukate kwenye kitovu au vidole viwili juu yake, kisha ufunge kitanzi cha kidole. Wa dukani karibu wote ni mrefu mno kwa mtoto, na mtoto mwenye uzi mrefu hugonga sakafu kila mtupo. Akikua, ni rahisi kusokota mwingine. Na mkitaka kuagiza nyuzi, za Lamu ziagizwe pamoja na za Malindi, pakiti moja ya nyuzi 100, na zinazobaki Malindi ikishachukua zake zipakiwe kwenye basi la Mokowe, pale pa kuvukia kuja Lamu.